Mume wangu hajui nimeshamlipa fundi ang'oe dari ya marehemu baba yake

BARUA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naomba jina langu lisitoke, maana mji wetu ni mdogo na safu yako inasomwa mpaka sokoni. Nina miaka 36, watoto watatu, na duka dogo la nguo za watoto. Tunaishi Njombe mjini kwenye nyumba aliyoijenga baba mkwe wangu mwaka 1981, enzi hizo Njombe bado iko ndani ya Mkoa wa Iringa. Baba alifariki miaka kumi iliyopita. Mama mkwe tunaishi naye.

Nyumba ni imara. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji nyekundu isiyo na ufa hata mmoja. Kinachonitesa ni dari ya sebuleni. Nimeipima kwa tepu: futi saba na inchi nne kutoka sakafuni. Ni mbao za paini zilizopigwa vanishi, na kwa moshi wa miaka yote hiyo zimekuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Shemeji yangu ni mrefu. Tukisimama kusali kabla ya chakula, kichwa chake kinagusa balbu. Chumba chenyewe si kidogo, futi 14 kwa 13, lakini ukiingia unahisi mtu amekuwekea kiganja utosini.

Mimi nimekulia Chimala, kule Usangu kwenye joto. Nyumbani kwetu paa liko juu na upepo unapita. Nilipoolewa huku mwaka 2011 nilidhani nitazoea. Sijazoea.

Mwaka huu nikaanza kujitahidi. Nilipaka kuta upya: nusu ya chini rangi ya mafuta ya chokleti kwa sababu ya mikono ya watoto, nusu ya juu krimu. Chumba kikazidi kushuka. Nikanunua mapazia mazito ya maruni, hayo nayo yakamalizia kabisa. Mwezi wa nane ikafika zamu yangu ya kuwapokea wenzangu wa kikoba. Mmoja alipofika mlangoni akainama kwa mzaha, akasema, "Jamani, tumekuja kwenye kikao au tumekuja handakini?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Usiku sikulala.

Desemba binti yetu mkubwa anapata kipaimara, na wageni watatoka mpaka Dar. Nikamwita fundi. Alipanda darini na tochi, akashuka akasema kazi ni nyepesi: anang'oa mbao zote, anakata zile mbao za chini za kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinazozuia, anapandisha jipsamu mpaka futi tisa na nusu, na taa za kuzamisha juu. Milioni mbili na laki nne. Nina akiba ya dukani na ya kikoba. Nimeshampa advansi ya laki tatu. Anaanza Jumatatu ya wiki ya pili ya Novemba.

Mume wangu hajui. Ni dereva wa lori la viazi na wiki hiyo atakuwa safari ya Dar. Mwaka juzi nilimgusia suala hili, akanijibu, "Dari hiyo aliipiga baba kwa mkono wake, mimi nikimshikia misumari." Mazungumzo yakaishia hapo. Mama mkwe naye husema dari hiyo ndiyo iliyomkuzia watoto. Kila jioni anavuta kigoda chake karibu na jiko la mkaa tunaloingiza sebuleni, na juu yake, pale ukuta unapokutana na dari, imetundikwa picha ya marehemu.

Nikimwambia mume mapema, atakataa. Nikifanya kwanza, akakuta pamependeza, nadhani atanyamaza. Au nimdai fundi hela yangu na niendelee kuona aibu kila mgeni anapobisha hodi? Nisaidie, Mama.

Ninayeinama, Njombe

JIBU

Marahaba mwanangu, na kamwene. Miaka yote hiyo Njombe, naamini salamu umeizoea hata kama dari imekushinda.

Umeniletea mambo mawili ndani ya kitenge kimoja: sebule fupi ionekaneje ndefu, na mume aambiwe au asiambiwe. Nitayafungua yote mawili. Ila naomba nitangulize la tatu ambalo hukuniuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka. Ni zile mbao za chini za kenchi.

Mimi si mhandisi, lakini nimejenga nyumba mbili na nimegombana na mafundi wa kutosha. Kenchi ni pembetatu. Mbao zake mbili zilizoinama, zinazobeba bati, muda wote zinasukuma kuta kwenda nje. Ile ya chini, inayolala kutoka ukuta mpaka ukuta, ndiyo inayozishika zisitawanyike, kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Ukiikata, paa linaweza lisianguke siku hiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Fundi anaondoka na hela yake, jipsamu inang'aa, halafu mvua za Novemba zinaingia, upepo unapiga bati, kuta zinaanza kufunguka taratibu na unaona nyufa kwenye kona. Kuna namna ya kuipandisha mbao hiyo kwa kuisuka kenchi upya na kuiimarisha, lakini hiyo ni kazi ya hesabu, na mtu aliyesema "kazi ni nyepesi" baada ya kumulika tochi mara moja hajaifanya hesabu hiyo. Kabla Jumatatu yako haijafika, tafuta fundi mwingine asiyejuana na huyu, au nenda idara ya ujenzi ya halmashauri uulize nani anaweza kuja kutazama. Kuuliza tu hakuhitaji ruhusa ya mume, na bibi, mama mkwe wako, hawezi kuona amevunjiwa heshima.

Tuje kwenye sebule yenyewe. Sitakwambia kwamba tatizo ni la moyoni tu, maana najua umeshaambiwa hivyo. Futi saba na inchi nne ni fupi. Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi zinapewa futi tisa mpaka kumi. Macho yako hayajakudanganya.

Nina neno moja tu kuhusu Chimala. Kule Usangu paa la juu ni baraka, kwa sababu joto linapanda na kukuacha chini upumue. Wewe umelelewa na wazo hilo, kwamba nyumba nzuri ni ile inayopitisha hewa. Baba mkwe wako alijenga karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba mtu analala na mablanketi mawili na bado anajikunyata. Sidhani kwamba alikosa mbao au hakujua kupima. Nimepiga hesabu ya chumba chako: dari ikipanda mpaka futi tisa na nusu, utakuwa na hewa karibu theluthi moja zaidi ya kupasha moto, na ile hewa ya moto itakwenda kukaa huko juu kwenye taa za kuzamisha, mbali na kigoda cha bibi. Sisemi kwamba alikuwa sahihi kwa mahitaji yako wewe. Nasema tu dari ile ilikuwa jibu la swali fulani, na swali hilo bado lipo kila Juni.

Hapo kwenye jiko nikae kidogo, usiniudhikie. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa ulioiva mpaka ukawa mwekundu bado unaitoa. Chumba kikiwa kidogo, inajaa haraka. Watu wa nyanda za baridi wanakufa hivyo, wengine familia nzima usiku mmoja. Dari ibaki au iondoke, dirisha moja liwe wazi kidogo kila jiko linapokuwa ndani, na jiko litoke kabla ya mtu kulala. Na ukipandisha dari, baridi ikaongezeka, naogopa jibu la nyumba nzima litakuwa kuongeza mkaa na kufunga madirisha.

Sasa macho. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa vyumba vya kuigizwa kwenye kompyuta, wakakadiria urefu wake. Dari yenye rangi nyepesi ilionekana iko juu zaidi. Kuta zenye rangi nyepesi nazo ziliinua chumba, na moja inaongezea nyingine. Rangi ya sakafu haikuleta tofauti, kwa hiyo saruji yako nyekundu iache ipumzike, endelea kuipiga dawa. Na kinyume na tunavyoambizana, haikuwa lazima dari itofautiane na kuta. Kilichohesabika ni weupe wenyewe.

Ukitazama kwa jicho hilo, sebule yako ina mbao nyeusi juu, chokleti chini, na ukanda mwembamba wa krimu katikati, kama mkate uliobanwa na vipande viwili vya ugali wa ulezi. Ule mstari wa kiunoni umeukata ukuta vipande viwili vifupi. Nakuelewa kuhusu mikono ya watoto, mimi pia nimefuta sana. Lakini zipo rangi nyepesi zinazooshwa kwa sabuni, na ukuta mzima unaweza kupakwa moja hiyo kutoka sakafuni mpaka juu. Usiniletee habari za mistari ya wima ya kwenye picha za simu. Karne ya 19 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alionyesha kwamba mraba uliojaa mistari ya kulala ndio unaoonekana mrefu zaidi. Mistari ina ujanja wake, iache.

Dari ya mbao nayo inapakika, ila haitaki pupa. Moshi na vanishi vina tabia ya kutoboa rangi ya maji: leo nyeupe, baada ya mwezi madoa ya njano kama chai iliyomwagika. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipigwe msasa, ipate andakoti ya mafuta, ndipo rangi nyeupe isiyong'aa. Hiyo balbu inayoning'inia ibadilishwe na taa bapa ya kubandikwa, shemeji asali kwa amani, na taa moja ya ukutani imulike kwenda juu. Fito ya pazia ipande mpaka chini kabisa ya dari, hata kama dirisha lenyewe liko chini, na pazia lishuke mpaka sakafuni, jepesi, rangi iliyo karibu na ukuta. Yale ya maruni yapeleke chumbani, usiku wa Julai utayashukuru. Kama makochi yako ni yale ya migongo mirefu, au una kabati la vyombo linalokaribia kugusa dari, jaribu kuyaondoa kwa siku mbili tu uone. Haya yote pamoja hayatakupa futi tisa na nusu. Yatakupa chumba ambacho mtu akiingia hatazami juu, basi.

Ila angalia mtego uliomo humo. Kupaka rangi mbao zile nako ni kugusa kazi ya marehemu. Mbao ikishanyonya andakoti, kuirudisha ilivyokuwa ni msasa wa wiki nzima. Usije ukaona hiyo ndiyo njia isiyohitaji mazungumzo.

Ndiyo tunafika kwa mwenye lori. Umesema ukimwambia atakataa. Inawezekana. Lakini soma tena maneno aliyokujibu mwaka juzi. Hakusema hapana. Alikusimulia kwamba alikuwa mtoto, ameshika misumari, baba yake yuko juu ya ngazi. Sijui wewe ulimjibu nini. Nadhani ulinyamaza, ukaandika moyoni kwamba amekataa. Je, anachokataa ni dari kupanda, au ni zile mbao kutupwa nje? Kwa fundi yanaweza kuwa kitu kimoja. Kwake pengine ni vitu viwili, na mbao za paini zilizokaa miaka zaidi ya 40 bila kuliwa zinaweza kupigwa randa zikawa meza, benchi, hata ukuta mmoja wa hiyo sebule mpya.

Ile njia ya kufanya kwanza akiwa safarini nimeifikiria bila kukuhukumu, maana wanawake wengi tumewahi kununua kitu tukakificha nyuma ya kabati. Huenda kweli akanyamaza. Lakini kunyamaza kuna aina nyingi, na wewe ndiye unayejua ya mume wako ni ipi. Halafu umemsahau mtu mmoja: bibi atakuwepo. Msumari wa kwanza ukitoka, simu italia mwenye lori akiwa hata Chalinze hajafika. Atarudi na kilomita zote hizo za kuwaza, na jambo la dari litakuwa limeshageuka kuwa jambo lako wewe na mama yake. Halafu wiki chache baadaye ni kipaimara.

Ukimwambia mapema, hatari ni kwamba akatae kweli, tena sasa ukiwa umeshataja laki tatu. Itauma. Atauliza kwa nini umetoa hela kwanza, na hutakuwa na jibu zuri, isipokuwa labda lile la kweli: la handaki. Sijui kama umewahi kumsimulia usiku ule. Katika barua yako sijaona. Yeye anajua hupendi dari. Huenda hajui kwamba ulichekwa nyumbani kwako ukashindwa kulala. Hilo nalo nakuuliza kwa upole: kama yule mwenzio wa kikoba asingesema vile, ungekuwa umeshatoa advansi? Inawezekana ndiyo, kwa kuwa umeivumilia dari tangu 2011. Au inawezekana miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri kitu kimoja ndani ya nyumba ile kiwe chaguo lako, na maneno yake yakakukumbusha kwamba bado. Kuta za chokleti zilikuwa zako. Mapazia yalikuwa yako. Yalishindwa yote mawili mbele ya watu, na fundi akaja wakati kidonda bado kibichi.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja. Baadhi ya familia huacha sebule ya wazee ilivyo, na kuongeza chumba ubavuni chenye kozi za tofali zilizopandishwa na dari ya urefu wanaoutaka. Hela yako haitamaliza chumba hicho, labda itafika kwenye linta. Hatari yake unaijua, umeyaona mapagala. Na kuna nyingine: sebule mpya ikiwa nzuri, bibi atabaki peke yake kule kwenye kigoda, na mume atakuwa anagawanya jioni zake mara mbili. Kwa upande wa pili, hutakuwa umeng'oa msumari hata mmoja.

Kuhusu advansi, usitegemee kuirudisha yote mkononi. Mafundi hela inakwenda na wiki. Lakini unaweza kumwambia leo hii kwamba kenchi haziguswi mpaka zipate jicho la pili, na kwamba laki tatu zikae kama kianzio cha kazi nyingine: kupiga msasa, rangi, kuhamisha taa. Akikubali bila kelele, utakuwa umejifunza kitu juu yake. Akipiga kelele, pia.

Wageni wa Dar wasikukimbize. Watafika Njombe saa moja jioni wakitetemeka, na nakuhakikishia hakuna atakayeuliza dari ina futi ngapi akishapewa chai ya tangawizi na nafasi karibu na bibi.

Limebaki dogo, ambalo huenda likawa ndiyo mahali pa kuanzia. Picha ya marehemu pale juu, kwenye kona ya ukuta na dari, inavuta macho ya kila mgeni moja kwa moja mpaka mahali chumba kinapoishia. Picha ikishuka usawa wa macho ya mtu aliyekaa, chumba kinapata ukuta mtupu juu yake, na ukuta mtupu unainua. Lakini wapo wazee wanaoona kumshusha baba ukutani ni kumshusha kweli. Na wapo wengine ambao macho yamechoka, wangefurahi kumwona kwa karibu bila kuinua shingo. Mama mkwe wako ni yupi kati ya hao sijui. Jioni moja kaa chini karibu na kigoda chake, mume akiwepo kama inawezekana, umuulize yeye angependa mzee akae wapi. Nyundo usiichukue siku hiyo.

Niandikie tena baada ya kipaimara.

Mama Mkubwa